TAKWIMU ZA DARASANI NA UNYEVU WA GHALANI



Kila mwaka vyama vyetu vya msingi hupokea wanafunzi wa vyuo wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo. Hukaa nasi wiki kadhaa, hupewa kiti ofisini, huandika daftari lao la kila siku, na mwishowe hutuachia nakala ya ripoti, endapo hawakusahau. Aghalabu ripoti hiyo huwa na jedwali la umri wa wanachama, mchoro wa duara unaoonyesha wanaume ni wangapi na wanawake ni wangapi, pamoja na wastani wa ekari kwa kila mwanachama. Hesabu zote huwa sahihi. Hata hivyo ni shida kumpata mjumbe wa bodi atakayezisoma mara ya pili, maana hakuna swali la chama lililojibiwa humo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwanafunzi wa namna hiyo anavyoweza kuzitumia takwimu alizofundishwa kwa kazi ambayo ghala inaihitaji kweli, na jinsi chama kinavyopaswa kumsaidia. Tutachukua jambo moja tu, nalo ni upimaji wa unyevu wa mahindi.

Si haki kumlaumu mwanafunzi. Mtu aliyejifunza kutafuta wastani kwa namba zilizokwisha andikwa ubaoni amejifunza nusu ya kazi. Nusu nyingine, yaani kujua namba zimetoka wapi, nani alizichukua, kwa chombo gani, na nani ataumia zikikosewa, hakuipata. Nusu hiyo anayo mtunza ghala. Yeye huuma punje na kusikiliza mlio wake. Hutia nafaka na chumvi kavu katika chupa, akaitikisa, akatazama kama chumvi imeganda ukutani, jambo litokealo unyevu unapozidi asilimia 15 hivi. Naye mara nyingi hajui kwamba ayafanyayo kila siku yana jina katika vitabu vya chuo.

MAARIFA YANAYOKAA VYUMBA MBALIMBALI

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha habari za watoto 5 wa mji wa Recife, nchini Brazil, wenye umri wa miaka 9 hadi 15, ambao walikuwa wakiuza nazi, matunda na bidhaa nyingine ndogo ndogo mitaani. Walipoulizwa bei na chenji wakiwa penye biashara zao walijibu sawasawa maswali 98.2 katika kila 100. Hesabu za namna ile ile zilipogeuzwa kuwa mafumbo ya shuleni, majibu sahihi yalishuka hadi 73.7 katika 100. Zilipoandikwa kama namba tupu zisizo na nazi wala mnunuzi, yalishuka hadi 36.8. Mtoto ni yule yule, kichwa ni kile kile. Kilichobadilika ni mahali.

Mwanafunzi wa ufundi anayeletwa kwetu ana hali iliyogeuzwa: anazo namba tupu, anakosa nazi.

Huko Uholanzi, Arthur Bakker na Sanne Akkerman walilishughulikia jambo hili miongoni mwa wanafunzi wa ufundi wa maabara, na mwaka 2014 wakachapisha matokeo yao. Wanafunzi hao walikuwa wakisoma takwimu chuoni na kufanya mazoezi kazini katika maabara. Watafiti hawakuwaongezea masomo. Walitayarisha mfululizo mfupi wa vikao, na katika vikao hivyo wakawachochea wanafunzi kuunganisha waliyosoma na waliyoyaona kazini. Kadiri vikao vilivyoendelea, wanafunzi walizidi kueleza mambo kwa kuyafunga pamoja, hesabu na kazi. Fikra yenyewe ni nyepesi kueleza: kati ya darasa na kazi pana mpaka, hauondoki kwa kuusahau, bali mtu hufundishwa kuuvuka kwenda na kurudi.

Miongoni mwa kazi za maabara lipo swali moja linalofanana mno na la ghala zetu: mashine mpya imeletwa, je, inatoa jibu sawa na ile ya zamani?

SAMPULI 10 NA VIPIMA VIWILI

Tuseme chama cha msingi kinachokusanya mahindi kina kipima unyevu kilichotumika miaka mingi, na sasa kimenunua kipya. Kabla msimu haujafunguliwa, mwanafunzi anaombwa kujibu swali moja tu: je, mkulima atapata jibu lile lile akipimiwa kwa hiki au kwa kile? Mwanafunzi anachukua sampuli 10 na kila moja anaipima kwa vyote viwili. Namba zifuatazo tumezitunga kwa ajili ya maelezo, wala hazikutoka katika ghala lo lote. Ni asilimia za unyevu, kwa mpango wa sampuli ya 1 hadi ya 10:

Kipima cha zamani: 12.1, 12.4, 12.6, 12.9, 13.0, 13.1, 13.3, 13.6, 14.0, 14.4

Kipima kipya: 12.8, 13.2, 13.3, 13.7, 13.6, 13.9, 14.0, 14.5, 14.7, 15.3

Mwanafunzi aliyefuzu vizuri atakumbuka mara moja somo la uhusiano wa vitu viwili. Atatafuta kile kipimo kinachoandikwa kwa herufi r, ambacho kikifika 1 maana yake vitu hivyo viwili hupanda na kushuka pamoja bila kukosana. Hapa atapata 0.99. Mkufunzi atampa alama nzuri. Mwanafunzi ataandika: "Vipima hivi viwili vinakubaliana kwa kiwango cha juu sana, chama kinaweza kutumia cho chote."

Na hapo chama kitakuwa kimepotezwa kwa hesabu iliyo sahihi.

Tazameni tena. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinaruhusu unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kwa kipima cha zamani, sampuli 7 zinapokewa na 3 zinakataliwa. Kwa kipima kipya, 3 zinapokewa na 7 zinakataliwa. Wakulima 4, wenye sampuli ya 4 hadi ya 7, wanarudishwa nyumbani na magunia yao au wanapokewa, kutegemea karani ameshika kipima kipi asubuhi hiyo. Ile r ya 0.99 haikusema neno juu yao.

Sababu ni kwamba r haiulizi kama vitu viwili ni sawa. Inauliza kama vinafuatana. Mizani miwili, mmoja ukizidisha kilo 2 kwa kila gunia, itafuatana kikamilifu: mzigo ukiwa mzito hapa ni mzito na pale, ukiwa mwepesi hapa ni mwepesi na pale. Lakini hakuna mwanachama atakayekubali kuambiwa kuwa mizani hiyo ni sawa. Kosa hili limewanasa hata mabingwa. Wataalamu wawili wa takwimu wa Uingereza, Martin Bland na Douglas Altman, walilazimika kuwaeleza madaktari jambo hili katika jarida la Lancet mwaka 1986, kwa kuwa wapimaji wa hospitali walikuwa wakilinganisha vyombo vyao kwa r na kuridhika.

Dawa waliyoipendekeza yaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi. Ondoa namba ya kipima cha zamani katika ile ya kipima kipya, kwa kila sampuli. Tunapata 0.7, 0.8, 0.7, 0.8, 0.6, 0.8, 0.7, 0.9, 0.7 na 0.9. Wastani wake ni 0.76. Sasa ndipo mambo mawili yanapojulikana. La kwanza, kipima kipya husoma juu zaidi kwa karibu asilimia 0.8. La pili, na hili ndilo wanafunzi hulipita mbio, tofauti hizo zimekaa karibu karibu, baina ya 0.6 na 0.9. Kwa hiyo inawezekana kusahihisha kwa kutoa au kuongeza namba moja isiyobadilika. Lau tofauti zingetawanyika, mara kipima kipya kimezidi kwa 2, mara kimepungua kwa 1, wastani wake ungeweza kuwa huo huo wa 0.76, lakini hakuna sahihisho ambalo lingefaa kitu. Chombo cha namna hiyo hurudishwa dukani.

Hapo ndipo "mtawanyiko", neno ambalo darasani ni kanuni ya kukariri, linapopata maana. Linamwambia meneja kama atumie kipima au asikitumie.

LILILO HATARINI

Huenda mjumbe akauliza kwa nini tujisumbue kwa asilimia 0.8. Basi tupige hesabu. Tuseme kipima kipya ndicho kinachosema kweli, na kile cha zamani kimekuwa kikisoma chini. Chama kimepokea tani 100 kikiamini unyevu ni 13.5, kumbe ni 14.3. Katika tani hizo, nafaka kavu ni tani 85.7, nyingine yote ni maji. Mahindi yakikauka ghalani hadi kufikia 13.5 kweli, uzito utakuwa kama tani 99.1. Zaidi ya kilo 900 zimetoweka, sawa na magunia 9 ya kilo 100, na hakuna aliyeiba hata punje moja.

Lakini nani ataamini? Mkaguzi ataona upungufu katika vitabu. Bodi itamwita mtunza ghala ajieleze. Wanachama watakuwa na maneno yao. Wapo watu waaminifu ambao huweza kupoteza kazi na jina lao jema kwa sababu ya mvuke wa maji, na hesabu ya kuwatetea ni fupi kiasi cha kuenea nyuma ya stakabadhi. Mwanafunzi anayeielewa hesabu hiyo anaweza kumwandikia mtunza ghala jedwali la upungufu unaotazamiwa, ili ujulikane mapema kabla ya mkaguzi kufika.

Hasara ya pili ni kubwa kuliko fedha. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu fulani huzaa sumukuvu. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafariki. Mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yalitokea kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nako watu walikufa. Hatusemi kwamba sababu ilikuwa kipima unyevu. Ukaushaji na uhifadhi wa majumbani ndio wenye sehemu kubwa. Tunasema kwamba namba isomwayo kwenye kioo kidogo cha kipima ni sehemu ya ulinzi wa walaji, na anayeisoma inampasa ajue inasadikika kiasi gani.

Na iwapo kile cha zamani ndicho kilicho sahihi, basi wakulima wale 4 wanaonewa. Watarudi na mahindi makavu ambayo chama kimeyakataa, na mlanguzi atakutana nao njiani.

ALIYONAYO MTUNZA GHALA

Hadi hapa tumesifu hesabu. Sasa tugeukie upande wa pili, kwa maana mwanafunzi akiishia hapa atakuwa bado amefanya kazi nusu.

Mtunza ghala mzoefu akionyeshwa zile namba 10 hataanza kwa kuzungumzia wastani. Atauliza: sampuli zilichukuliwaje? Bambo lilichomwa juu ya gunia tu, au juu, katikati na chini? Anajua kwamba wapo wauzaji wanaotandaza mahindi makavu mdomoni mwa gunia na kuficha mabichi katikati. Darasani jambo hilo huitwa upendeleo wa sampuli. Ghalani huitwa ujanja. Atauliza pia yalipimwa saa ngapi. Mahindi yaliyotoka juani wakati huo huo yana joto, na vipima vingi vya umeme hupima jinsi umeme unavyoitikiwa na nafaka, jambo linalobadilika kwa joto. Vingine hujisahihisha vyenyewe, lakini nafaka ikiwa moto sana kuliko kipima, namba hupotoka. Atauliza kama betri ilikuwa mpya, na kama kitufe cha aina ya nafaka kilielekezwa kwenye mahindi au kilibaki kwenye mpunga uliopimwa jana.

Maswali hayo yote ni ya takwimu, ijapokuwa muulizaji hajapata kuingia darasa la takwimu. Mwanafunzi akiyasikia atajua namna ya kulipanga jaribio lake upya: sampuli zitolewe kote katika gunia na kuchanganywa vizuri, kila moja ipoe kivulini, ipimwe kwa vyote viwili ndani ya dakika chache, zamu ya kutangulia ibadilishwe, mara hiki mara kile, na sampuli moja irudiwe mara 5 au 6 kwa kipima kile kile, ili ijulikane chombo chenyewe kinayumba kiasi gani kabla ya kukilinganisha na mwenzake. Zichaguliwe sampuli kavu na mbichi pia, si zile zilizo karibu na 13.5 pekee, kwa kuwa huenda tofauti ikakua kadiri unyevu unavyoongezeka.

Linabaki swali ambalo hata takwimu nzuri namna gani haziwezi kulijibu zenyewe: kipi kati ya viwili ndicho kisemacho kweli? Kulinganisha hakutoshi, huenda vyote viwili vimekosea. Hapo hutakiwa njia ya msingi, ambayo ni kukausha nafaka katika tanuri ya maabara na kuipima kabla na baada. Gramu 100 zikibaki 86.4, unyevu ulikuwa asilimia 13.6. Kwa mahindi ya punje nzima, moja ya kanuni zinazotumika ni joto la nyuzi 103 za Selsiasi kwa saa 72. Sampuli 4 au 5 zilizofungwa vizuri zisipitishe hewa zatosha kupelekwa kwenye maabara ya chuo au kituo cha utafiti, na mwanafunzi ndiye mtu afaaye kuzipeleka, kwa sababu mlango wa chuo anaujua.

Si jambo geni kwa takwimu kuzaliwa kazini. Mmoja wa wanatakwimu wakuu wa karne iliyopita, William Gosset, hakuwa profesa. Aliajiriwa mwaka 1899 na kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, ambako shayiri ya wakulima ilipaswa kuchunguzwa kwa sampuli chache tu, na kanuni za wakati ule zilitaka sampuli nyingi. Alipata ruhusa ya kwenda kusoma London kwa muda, kwa Karl Pearson, kisha akarudi kazini. Njia yake ya sampuli chache aliichapisha mwaka 1908, si kwa jina lake bali kwa jina la Student, yaani mwanafunzi. Kila mwanafunzi wa chuo anayehangaika na jaribio la t anahangaika na jambo lililoanzia kwenye shayiri.

VIKAO VITATU

Kwa hiyo chama kifanye nini? Kwa maoni yetu, jambo kubwa ni kumpa mwanafunzi swali siku ya kwanza, badala ya kumpa kiti. Swali liwe moja, liwe la chama, na jibu lake liwe linaweza kubadilisha uamuzi. Chama cha kahawa kitakuwa na swali lake, cha pamba lake, na cha maziwa kitauliza juu ya kipima uzito wa maziwa asubuhi na mchana. Kuhusu mizani ya kununulia, uhakiki wa kisheria ni wa Wakala wa Vipimo, wala mwanafunzi asiuingilie. Lakini anaweza kupima jiwe moja la uzito uliohakikiwa kila asubuhi na kuandika namba, ili mabadiliko yaonekane kabla mkaguzi wa vipimo hajarudi.

Kisha wakae watatu, mwanafunzi, mtunza ghala au karani, na mkufunzi wa chuo, walau mara 3. Kikao cha kwanza kifanyike ghalani, kabla ya kupima cho chote, na msemaji awe mtunza ghala: aonyeshe afanyavyo, na mwanafunzi aandike bila kusahihisha. Kikao cha pili namba ziwe zimekwisha patikana. Mwanafunzi azichore kwenye karatasi kubwa, nukta moja kwa kila sampuli, na mtunza ghala aulizwe juu ya nukta iliyojitenga. Katika mfano wetu, sampuli ya 5 yenye tofauti ya 0.6 ndiyo iliyo chini kuliko zote. Huenda ni bahati tu, huenda mtunza ghala anakumbuka kuwa gunia hilo lilikaa mlangoni penye upepo. Mkufunzi asijibu kwa niaba ya mtu. Kazi yake ni kuuliza: "Hili mnalosema, katika hesabu tunaliita nini? Na hesabu hii, kwenye gunia inaonekana wapi?"

Wakufunzi wana shughuli nyingi na vyama viko mbali, twajua. Ikiwa hawezi kufika mara tatu, afike kikao cha pili.

Kikao cha tatu ni cha uamuzi, na meneja au katibu awepo. Waandike kwa sentensi ambazo mkulima anaweza kusomewa: kipima kipi kitatumika, kitaongezewa au kupunguziwa kiasi gani, na gunia lililo karibu sana na mpaka lirudiwe mara ngapi kabla ya kukataliwa. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani penye kipima, upande wanaosimama wakulima, ikiwa na tarehe na namba ya chombo. Nakala ya namba zote ibaki katika jalada la ghala na nyingine iletwe kwetu chama kikuu, ili mwanafunzi wa mwaka ujao aanze kwa kupima tena kipima kile kile na kuona kama 0.76 imebaki pale pale.